Ukigusa Jedwali, Nani Ataanguka?

Kanzidata huhifadhi mengi zaidi ya majina, salio na tarehe. Katika mifumo mingi ya fedha, msimbo wenyewe huishi humohumo, ubavuni mwa majedwali: prosija ya kukokotoa riba, nyingine ya kukagua wadhamini wa mkopaji, trigga inayoandika kumbukumbu kila salio linapobadilika. Kanzidata ya Oracle imeruhusu prosija kuhifadhiwa hivyo tangu toleo la 7, mwaka 1992. Moduli hizi huitana, na nyingi husoma majedwali yaleyale. Kwa hiyo mhandisi anayetaka kubadilisha safu moja ya jedwali la mikopo lazima ajue kwanza ni nani wengine wanaoitegemea.

Oracle humrahisishia kazi. Kila inapokompaili moduli, huandika kwenye daftari lake la ndani majina ya majedwali na moduli nyingine zilizotajwa mle. Daftari hilo husomeka kupitia USER_DEPENDENCIES, na kulisoma kabla ya badiliko lolote ni wajibu, hata kama mhandisi anaujua mfumo tangu ulipozaliwa. Jedwali likibadilika, Oracle hufuata daftari hilo na kuzipa moduli husika alama ya INVALID, yaani batili. Moduli yenye alama hiyo ikiitwa, mfumo hujaribu kuikompaili upya papo hapo. Ikikubali, kazi inaendelea. Ikikataa, anayepata habari wa kwanza ni karani aliye dirishani na mteja mbele yake. Ndiyo maana nasisitiza: ukimaliza kubadilisha, zikompaili mwenyewe kwa UTL_RECOMP, kisha hakiki zilizobaki na alama hiyo kabla milango haijafunguliwa asubuhi.

Zamani adhabu ilikuwa kali. Kuongeza safu mpya tu kulibatilisha kila moduli iliyoligusa jedwali lile, hata isiyohitaji safu hiyo. Toleo la 11g, mwaka 2007, lilianza kufuatilia utegemezi hadi ngazi ya safu, na prosija inayozitaja kwa majina safu inazozihitaji kwa kawaida haiguswi tena. Aliyeandika SELECT * hanufaiki na hilo. Amejifunga kwa jedwali zima.

Kinga iliyo bora zaidi ni pakeji. Ina sehemu mbili: tangazo, linalotaja prosija na vigezo vyake, na mwili, wenye hatua zenyewe. Moduli za nje hulitegemea tangazo peke yake. Ukibadilisha kanuni ya riba ndani ya mwili, waitaji hawabatiliki hata mmoja. Pakeji mbili zinaweza pia kuitana bila kukwama, kwa sababu matangazo yote mawili hukompailiwa kwanza na miili hufuata. Kwa maoni yangu, prosija inayosimama peke yake nje ya pakeji haifai kwenye mfumo unaotarajiwa kukua.

Pakeji nayo ina mtego wake. Ikiwa na vigeu vinavyodumu muda wote mtumiaji akiwa ameunganishwa, kukompaili mwili upya hufuta thamani zake, na mtumiaji hukutana na kosa la ORA-04068. Viweke vigeu hivyo katika pakeji ndogo ya pembeni isiyobadilishwa mara kwa mara, au viepuke kabisa.

Kinachonitia hofu zaidi ni msimbo ambao daftari halioni. Prosija inayounganisha vipande vya maneno kuwa amri ya SQL, kisha kuiendesha palepale, haiachi alama ya jedwali inalokusudia kulisoma. Jedwali likifutwa, prosija itaendelea kuonekana salama hadi siku itakapoitwa. Kutafuta jina la jedwali ndani ya maandishi ya msimbo, kupitia USER_SOURCE, husaidia, isipokuwa jina lenyewe likiwa limeungwa kutoka vipande viwili. Amri za namna hii zinapolazimika, zikusanywe mahali pamoja panapojulikana na kila mhandisi wa timu.

Watumiaji wa kanzidata nyingine, PostgreSQL, wana sababu kubwa zaidi ya kuwa macho. Huko mwili wa msimbo wa PL/pgSQL huhifadhiwa kama maandishi tu, na majedwali yanayotajwa ndani yake hayaingizwi kwenye orodha ya utegemezi. Unaweza kulifuta jedwali bila onyo lolote kuhusu msimbo unaolisoma. Tangu toleo la 14, mwaka 2021, msimbo ulioandikwa kwa SQL ya kawaida kati ya BEGIN ATOMIC na END hufuatiliwa: jaribu kufuta jedwali linalotumiwa na msimbo huo, na PostgreSQL itakataa. PL/pgSQL haikupata ulinzi huo. Kwa ajili yake kuna kiongezi kiitwacho plpgsql_check, kinachokagua msimbo bila kuuendesha na kutaja jedwali au safu isiyokuwepo. Kiendeshwe baada ya kila badiliko la majedwali, juu ya msimbo wote wa PL/pgSQL, ukiwemo ule ambao hakuna aliyeugusa.