Ethi ya Redio ya CB: Nusu ya Antena Isiyoonekana

Dereva wa lori la safari ndefu nchini Marekani akinunua redio ya CB, ile ya kuzungumza na madereva wengine barabarani, fedha zake huishia kwenye redio yenyewe na antena ndefu inayong'aa. Ethi, yaani muunganisho wa antena na redio na chuma cha gari, huachiwa bolti mbili na bahati. Baadaye analalamika kwamba anawasikia wenzake vizuri, ila yeye hasikiki hata maili moja. Anabadilisha redio, na tatizo linabaki palepale. Mimi ningeanza na ethi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sheria ya Marekani inairuhusu CB ya AM wati 4 tu, kwenye chaneli 40 zilizo kati ya megahezi 26.965 na 27.405. Madereva wa malori hukutana chaneli ya 19. Theluji inapoziba macho kwenye barabara kuu ya I-80 huko Wyoming, mahali ambapo simu inaweza kukosa mtandao, onyo kwamba malori yamegongana mbele hubebwa na hizo wati 4. Hakuna za kupoteza.

Ethi ya redio ina kazi mbili, na fundi umeme wa magari kwa kawaida anaijua moja: kurudisha mkondo kwenye betri. Kazi ya pili ni ya mawimbi. Wimbi la CB lina urefu wa takribani mita 11, na antena ya gari hutengenezwa kama robo yake, kiasi cha mita 2.7. Hata fimbo fupi iliyozungushiwa waya ili ifanye kazi kama ndefu hufuata kanuni hiyohiyo. Robo hiyo peke yake ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari: mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima upate mwenzake kwenye bodi, la sivyo utautafuta kwenye waya wa antena, kwenye redio, hata kwenye maikrofoni mkononi mwa dereva.

Gari dogo lina paa la bati na mambo huwa rahisi. Lori la kisasa ni shughuli nyingine. Boneti ni ya faiba, mabawa ya kukatia upepo ni ya plastiki, na kabini imekalia mipira au mifuko ya hewa juu ya chesisi. Antena yenyewe hufungwa kwenye breketi ya kioo cha pembeni. Breketi imeshikwa na mlango uliopakwa rangi, mlango unaning'inia kwenye bawaba zilizojaa grisi, na kila kiungo hapo kinaweza kuikata ethi bila mtu kuona.

Chukua testa. Pima kutoka sehemu ya nje ya kitako cha antena hadi hasi ya betri: isome chini ya omu 1. Kisha pima kati ya pini ya katikati na kitako. Hapo pasiwe na mguso kabisa, isipokuwa kwa antena ambazo kiwanda kimeziunganisha hivyo kwa makusudi. Mara nyingi mguso huo hutokana na washa ya plastiki iliyovunjika au kusahaulika.

Usitosheke na sifuri ya testa, kwa kuwa inapima mkondo wa betri unaokwenda upande mmoja. Mawimbi ya CB hugeuka mara milioni 27 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo waya mwembamba wa mita moja, ambao testa inasema hauna upinzani, unayazuia kwa kiasi cha omu 170. Kwa hiyo tumia mkanda mpana wa shaba iliyosukwa, mfupi kadiri inavyowezekana: mmoja kutoka breketi hadi chuma cha mlango, mwingine kutoka mlango hadi kabini, wa tatu kutoka kabini hadi chesisi. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza kwa washa yenye meno, halafu funika kiungo kisiingie maji. Kama breketi ni ya alumini, chagua mkanda uliopakwa bati la kulehemia, maana shaba tupu ikigusana na alumini penye chumvi ya barabarani, alumini huliwa haraka.

Sasa funga mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena, lori likiwa uwanjani na milango imefungwa. Pima chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Kipimo cha 1.5 ni kizuri. Kikifika 3, robo ya nguvu inarudi redioni na inaweza kuunguza transista za kurushia. Kikiwa juu zaidi kwenye 40 kuliko 1, antena ni ndefu. Kinyume chake, ni fupi. Kikiwa juu kote, usiikate fimbo: rudi kwenye ethi na waya wa antena.

Angalia pia waya mweusi wa redio. Ukilegea, redio inaweza kuendelea kuwaka, kwa sababu mkondo unarudi kupitia wavu wa nje wa waya wa antena. Taa inawaka na sauti inatoka, lakini kelele za alteneta zimeongezeka, na wavu huo haukutengenezwa kubeba mzigo huo.