Kwa Nini Ukimpiga Mtu Picha Haumii? Hivi Ndivyo Akili Yako Hucheza na Neno "Piga"

Cheki hii. Uko kwa mat, umeachia sista yako mtoi. Text inaingia: "Nimempiga." Halafu kimya. Moyo unaruka, unataka kushukia stage yoyote. Dakika moja baadaye: "picha akiwa amelala. Bonyeza uone vile ako fiti."

Manze! Neno moja tu lilikuwa limekosekana.

Iko hivi. "Piga" ikiwa pekee yake ni kugonga ama kuchapa. Lakini ukipiga simu, ukipiga pasi, ukipiga deki ama ukipiga kura, hakuna mtu anaumia. Hapo "piga" imeacha ngumi nyumbani, na neno la pili ndilo linabeba maana. Hayo mawili yanatembea kama kitenzi kimoja. Unabisha? Sema "nimeipiga simu." Ukiweka tu hiyo "i", inaanza kusound ni kama umeizaba kofi!

Sasa, akili husoma aje maneno kama haya? Mwaka wa 1979, David Swinney na Anne Cutler walipima watu na misemo ya Kiingereza. Ulikuwa unaonyeshwa maneno, unabonyeza kama yanaleta maana. Watu walitambua misemo iliyozoeleka haraka kuliko maneno ya kawaida yaliyopangwa vivyo hivyo. Wao walisema msemo umewekwa kichwani mzima mzima, kama neno moja.

1988, Cristina Cacciari na Patrizia Tabossi wakapima Kiitaliano. Kama huwezi kubahatisha mwisho wa msemo, akili kwanza hushika maneno vile yalivyo. Maana ya msemo huingia baadaye, neno la kuufungua likishafika.

Hizo test hazikuwa za Kiswahili, lakini si unaona zinafanana na ile text? Ulisoma "nimempiga", ukashika ngumi. "Picha" ndiyo ilikuwa ufunguo, na ilichelewa.

Ndio maana pia mgeni anaweza kujua "piga" vizuri na bado apotee mtaani. Kupiga luku ni kuvaa ukang'ara. Kupigwa ngeta ni kukabwa shingo na kuibiwa. "Piga" ni ile ile, lakini moja unaenda sherehe, ingine unaenda kuripoti.

Kwa hivyo msee, kabla ubonyeze send, malizia sentensi. Kuna mtu huko mbele moyo unamdunda.