DAWA YA SUMU IWE KARIBU NA MGONJWA

Mkulima aumwapo na nyoka shambani, sumu haimngojei. Hata hivyo, mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa iliyopinga sumu ya nyoka wa aina 10 wa Afrika, kwa kuwa haikuleta faida. Akiba ya mwisho ilipitwa na muda mwaka 2016.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha ya kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu utokanao na nyoka ifikapo 2030. Haitafikiwa ikiwa dawa yalala bohari mjini na aliyeumwa yuko kijijini. Ndugu wananchi, katika kila mkutano hapana budi tuulize: hospitali yetu ya wilaya inazo chupa ngapi leo?