Umbo la fuwele za metali, kutoka matangi ya Kolwezi

Umbo la fuwele ya metali huamuliwa na mashindano kati ya kuzaliwa kwa mbegu mpya za fuwele na kukua kwa zile zilizokwisha kuzaliwa. Mbegu ni fungu la atomi lenye upana wa nanomita chache tu. Zikizaliwa nyingi kwa mara moja, hugawana atomi zilizopo na fuwele hubaki ndogo. Zikiwa chache, kila moja hunenepa. Molekuli ngeni nazo huingilia kati kwa kung'ang'ania uso fulani wa fuwele kuliko mwingine. Uso uliofunikwa hukua polepole. Ule ulio wazi hukua upesi, na kwa sababu hiyo hiyo ndio unaotoweka: fuwele hubaki na nyuso zake zilizochelewa. Kwa njia hiyo, mwaka 2002 wanakemia Yugang Sun na Younan Xia, wakiwa Seattle, Marekani, walipata michemraba midogo mno ya fedha kwa kutumia polima iitwayo polivinilipirolidoni.

Katika ukanda wa shaba wa mkoa wa Lualaba, Kongo, kazi ya jinsi hii hufanywa kwa tani. Kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilianza mwaka 1960 chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, kikapita mikononi mwa kampuni ya serikali, Gécamines, na sasa kinaendeshwa na Kamoto Copper Company. Shaba iliyo ndani ya mawe, kama malakiti ya kijani, huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Myeyusho uliosafishwa hupelekwa kwenye matangi, na umeme huigandisha shaba juu ya bamba la kathodi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa kawaida viwanda vya namna hii huwa na gramu 40 hivi za shaba katika kila lita, joto la nyuzi 45 hadi 50, na mkondo wa ampea 300 hivi kwa kila mita ya mraba. Mkondo ukizidi, ioni za shaba zilizo jirani na bamba humalizika kabla nyingine hazijafika, na ncha yoyote iliyojitokeza hufikiwa kwanza. Ncha hurefuka, ikawa kinundu au mwiba, na ikigusa anodi ya risasi iliyo mkabala huleta shoti. Hata isipogusa, mianya kati ya vinundu hunasa myeyusho pamoja na chembe za risasi, na shaba ya daraja la juu kabisa hairuhusiwi kuwa na risasi zaidi ya gramu 5 kwa tani.

Dawa yake ni ndogo kwa kipimo. Unga wa guari, unaotokana na mbegu za mmea wa jamii ya kunde, hutiwa ili ufunike ncha na kuzichelewesha, na mbegu mpya zizaliwe kwingine. Kathodi hutoka laini na imeshikamana. Kloridi, miligramu 20 hadi 30 kwa lita, husaidia kusawazisha chembe. Ikizidi sana hula bamba la chuma kisichoshika kutu, na shaba ikagoma kubanduka. Kwingineko duniani viwanda hununua kobalti na kuitia tangini ili anodi isimomonyoke. Huku Lualaba, kobalti imo tayari ndani ya mawe yenyewe.

Kobalti hiyo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa huondoka ikiwa hidroksidi. Magnesia hutiwa kwenye myeyusho, mbegu huzaliwa kwa wingi mno, na kinachopatikana ni tope la chembe ndogo sana, gumu kuchuja, lenye kobalti asilimia 30 hivi likikauka. Wanunuzi, hasa wa China, huiyeyusha upya. Kwa ajili ya betri, huigandisha tena pamoja na nikeli na manganizi huku amonia ikipunguza kasi ya kuzaliwa kwa mbegu, hadi zipatikane punje za mviringo zenye upana wa mikromita 10 hivi. Umbo linalolipiwa zaidi hutengenezwa huko, si Kolwezi.