Unalala 45, Unauza Roysambu: Ushuru Ulipe Wapi?

Kuvuka Thika Road pale Githurai ni dakika chache tu, lakini kwa mambo ya ushuru umetoka kaunti moja ukaingia nyingine. Githurai 44 iko Nairobi. Githurai 45 iko Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Majina yenyewe yalitokana na nambari za matatu, si mipaka, ndio maana kuna watu wamekaa 45 miaka mingi na ukiwauliza kaunti yao wanakujibu "Nairobi" bila kufikiri.

Hiyo haina shida, mpaka siku unaenda kulipa.

Kuna pesa zinazokufuata wewe, na kuna zinazofuata mahali. Za kukufuata wewe ni za KRA. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, iliiachia serikali kuu kodi ya mapato na VAT, kwa hivyo KRA haijali unalala upande gani wa barabara. Umeandikwa kazi Westlands na unakaa Kimbo? PAYE yako haibadiliki. Una biashara inayozungusha kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka? Ushuru wa mauzo ni 3%, unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na kama una vibanda viwili kwa jina lako, kimoja kila kaunti, mauzo yanajumlishwa. Huwezi kusema kila kibanda kiko chini ya milioni, basi niachwe.

Kaunti nayo inaangalia kibanda chenyewe. Chukulia mama anayekaa Kimbo, ana meza ya mitumba sokoni 45 na duka dogo Roysambu. Ushuru wa soko wa kila siku unaenda Kiambu. Leseni ya duka inalipwa Nairobi. Kanjo wa Nairobi akiingia dukani, risiti ya Kiambu haisaidii kitu, hata uitoe na tabasamu. Inauma, tunajua, lakini ni sehemu mbili za kazi na kila moja ina mwenyewe. Mwenye ploti naye ni vivyo hivyo: hata akiishi Lang'ata, land rates za ploti ya 45 ni za Kiambu. Kodi ya nyumba anazopangisha ni ya KRA, na tangu Januari 2024 ni 7.5% ya kodi anayokusanya, kutoka 10%.

Mzigo ukivuka mpaka ndipo maneno huanza. Kifungu hicho hicho cha 209 kinasema kaunti zisitoze ushuru kwa njia inayokwamisha biashara na usafirishaji wa bidhaa kati ya kaunti. (Wenye pickup za nyanya wangependa kisomwe kwa sauti pale kizuizini.) Ukidaiwa, uliza ni ada gani na inalipwa kwa nambari ipi. Ukipewa nambari ya simu ya mtu, hiyo si ada ya kaunti.

Sasa kwa simu yako. Kaunti mbili ni Paybill mbili, na nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili yako, si jina lako wala nambari ya kibanda uliyokariri. Ya KRA unatengeneza PRN kwa iTax kwanza, kisha unalipa Paybill 222222 ukiweka PRN hiyo kama akaunti. Kabla ya PIN, soma jina linalotokea. Watu wengi wanaliruka hapo, na ndipo pesa hupotelea. Pesa ikishaingia kaunti isiyo yako, si kama ile uliyotumia mtu kimakosa: kwa kawaida mwenye Paybill lazima akubali irudi, na mwenyewe hapa ni serikali ya kaunti. Utapanga foleni, na wakati huo deni lako upande ule mwingine bado liko.

Usifute ile SMS. Na kwa sababu simu hupotea, haswa pale stage ya 45 saa moja jioni, andika nambari ya muamala nyuma ya kopi ya leseni siku ile ile unayolipa. Ikikupita, omba stetimenti ya mwezi huo na utafute jina la kaunti.