Likelemba ya Kwenda Unguja

Tumerudi salama!

Miaka miwili tuliweka makuta ya likelemba kwa safari moja: kwenda Unguja kwenye Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004. Sharti lilikuwa moja: makuta ya masomo ya watoto hayaguswi. Ndiyo sababu kati yetu kumi na wawili tulikwenda watano tu.

Kutoka Kinsevere tulivuka mpaka Kasumbalesa, tukapanda treni ya TAZARA Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, kisha boti. Kadi za chanjo ya homa ya manjano hatukuzisahau.

Usiku, ndani ya Ngome Kongwe, tuliwasikia Tausi, kikundi cha taarab tunachokipenda: wanawake watupu, wakipiga kanuni, fidla na ngoma. Humo humo Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliimba hata uzeeni. Tulicheza, kisha tukalia kidogo: wenzetu saba walikuwa nyumbani wakiwapikia watoto wetu bukari.

Basi tumepatana. Likelemba mpya inaanza Jumapili, na hao saba ndio watakaokwenda. Watoto wao tutawapikia sisi.