Ukilala Rhotia, Ulipie Filamu Ipi?

Rhotia iko kando ya lami itokayo Mto wa Mbu kwenda Karatu, na wageni wa Ngorongoro hupita hapo. Wengi huja na filamu kichwani: Hatari! ya 1962, filamu ya Bernhard na Michael Grzimek ya 1959 kuhusu Serengeti, au The Royal Tour ya 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anaitembeza dunia nchini. Kabla hujalipa, jiulize ni tukio gani hasa unalotaka kuliona, kwa sababu kila tukio lina geti lake na bei yake.

Viwango vifuatavyo ni vya mtu mzima katika msimu wa wageni wengi, VAT ikiwemo, kama vilivyotumika miaka ya karibuni. Hubadilika, hivyo vihakikishe unapoomba namba ya malipo.

Ukingoni Ngorongoro. Mgeni wa nje hulipa dola 70.80 kuingia, Mtanzania shilingi 11,800. Hapo unaliona bonde lote kutoka juu, na makaburi ya Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na baba yake yako kando ya barabara. Aliyekuja kwa ajili ya historia ya filamu hiyo hana lazima ya kushuka.

Kushuka bondeni. Hapa ndipo mfuko unapotoboka. Gari la kampuni linalobeba wageni wa nje hulipa dola 295 za kushuka, liwe na abiria wawili au sita. Mkiwa wawili, kila mmoja anabeba dola 147.50, mkiwa sita, kama 49. Tafuta wenzako hapo hapo Karatu kabla ya kukodi. Faida yake ni faru weusi, na aliyetazama Hatari! anakumbuka filamu inavyoanza kwa kumkimbiza faru. Twiga usimtafute: bondeni hayupo.

Momella. Twiga wako huku, ndani ya Hifadhi ya Arusha, chini ya Mlima Meru, ambako mwongozaji Howard Hawks na mwigizaji John Wayne walifanyia kazi sehemu kubwa ya Hatari!. Hardy Krüger, mwigizaji mwingine wa filamu hiyo, alilipenda eneo hilo hata akawa na shamba na hoteli. Kiingilio cha mgeni wa nje ni dola 59, hakuna ada ya kushuka popote, na unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi. Kasoro ni umbali: kutoka Rhotia unarudi hadi Arusha na kuipita. Mafuta ya kwenda na kurudi yatakula nafuu yote, basi iweke siku unayowasili au unayoondoka, ukiwa tayari upande wa Arusha.

Serengeti. Wengi huhesabu dola 82.60 za geti la Naabi na kusahau kwamba njia ya kutoka Karatu inakatiza Ngorongoro. Ukilala Serengeti, unalipa Ngorongoro unapokwenda na tena unaporudi: 70.80 mara mbili ukiongeza 82.60 ni dola 224.20 kabla ya kitanda na gari. Kwa Mtanzania ni shilingi 11,800 mara tatu, yaani 35,400. Lakini kama hamu yako ni nyumbu wanaozaa, waliomo katika utafiti wa akina Grzimek, Januari hadi Machi makundi huwa tambarare za Ndutu, na sehemu kubwa ya Ndutu imo ndani ya Ngorongoro. Msimu huo tiketi moja inaweza kukutosha.

Kwa nani, kipi? Mtanzania asitishwe na kiingilio. Kwake gharama kubwa ni gari, kwa hiyo familia au kikundi kinachojaza viti ndicho chenye nafuu. Mgeni wa nje aliye peke yake aanze na ukingo, ashuke akipata wa kugawana naye. Mwenye siku mbili tu Rhotia aiache Serengeti: atalipa tiketi tatu na muda mwingi ataumalizia barabarani. Na popote uendapo, kulala Rhotia au Karatu kunakuepusha na ada ya usiku inayotozwa anayelala ndani ya hifadhi. Fedha hiyo ilipie siku ya gari.